Nyumba ya Tajiri wa Nguo Katika Mji wa Coggeshall

Upande wa mashariki wa Uingereza, katika jimbo la Essex, uko mji mdogo uitwao Coggeshall. Mji huo umejengwa kando ya njia ya kale iliyotengenezwa na Warumi, kati ya Braintree na Colchester, na karibu yake hupita mto Blackwater. Msafiri aingiaye kwa upande wa magharibi hupita katika barabara iitwayo West Street, na hapo, ukingoni mwa njia kabisa, pasipo ua wala bustani mbele yake, huiona nyumba ndefu ya mbao iliyochongwa kama sanduku la arusi. Ndiyo nyumba ya Paycocke, na umri wake umepita miaka 500.

Aliyeijenga hakuwa mfalme wala bwana mwenye milki ya mashamba. Thomas Paycocke alikuwa mfanyi biashara ya nguo, mwana wa mfanyi biashara ya nguo. Habari za wafalme na majumba yao zimejaa vitabuni; lakini nyumba kama hii hufundisha jambo jingine, yaani fedha za mji zilipatikanaje, zilipita katika mikono ya nani, na zilikaa kwa nani mwishoni.

Watu wengi wakisikia habari ya nyumba ya tajiri wa Kiingereza hudhani kuwa lazima ni jumba la mawe. Sivyo. Essex ni nchi isiyo na mawe mazuri ya kujengea, lakini ilikuwa na misitu ya mialoni, na mwaloni ni mti mgumu udumuo sana. Kwa hiyo watu wa huko, maskini kwa matajiri, walijenga kwa miti.

Seremala wa siku zile hakungoja mti ukauke. Aliuchonga ungali mbichi, maana mwaloni ukiisha kukauka huwa mgumu kama chuma, na shoka hupata taabu nao. Nguzo na boriti zote zilichongwa uwanjani, zikalazwa chini na kupatanishwa, na kila kiungo kikatiwa alama kwa patasi ili ijulikane kipi huingia wapi. Kisha vyote vilifunguliwa, vikachukuliwa mpaka mahali pa nyumba, vikasimamishwa. Viungo havikupigwa misumari ya chuma. Ulimi wa mti mmoja uliingizwa katika tundu la mti wa pili, na kigingi cha mwaloni kikapigiliwa katikati ya vyote viwili. Mti ulipokauka ulijikunja na kukibana kiungo, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi za namna hii zimepinda huku na huku, wala hazianguki.

Nafasi zilizobaki kati ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, na juu yake ikapakwa chokaa. Msomaji aliyekulia katika vijiji vya Nyanza au vya Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Kazi hiyo ameiona tangu utoto, na pengine mikono yake mwenyewe imekwisha kuingia udongoni. Ukuta wa Mwingereza tajiri wa zamani na ukuta wa nyumba ya fito ni ndugu. Tofauti ilikuwa katika unene wa nguzo na ustadi wa seremala. Tena mwenye fedha nyingi aliweza kujaza nafasi zile kwa matofali.

Sasa yafaa kutazama mahali ambapo ufahari ulianza. Ukuta wa miti hauhitaji nguzo nyingi ili usimame. Lakini katika nyumba ya Paycocke nguzo zimesimamishwa karibu karibu. Nguzo hizo hazikuwekwa zote kwa ajili ya nguvu. Mwaloni ulikuwa mti wa bei, na mtu aliyepita njiani alihesabu nguzo, akajua mwenye nyumba ana kiasi gani. Hali kadhalika ghorofa ya juu, ambayo imetokeza mbele kuliko ile ya chini. Boriti za sakafu zilipitishwa nje ya ukuta wa chini, na ukuta wa juu ukasimamishwa juu ya ncha zake. Ni kweli kwamba vyumba vya juu hupata nafasi zaidi kwa njia hii, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuonekana. Na juu kuna madirisha matano yaliyotokeza, katika siku ambazo kioo kilikuwa kitu cha gharama, na watu wengi waliziba madirisha yao kwa mbao tu.

Ncha za boriti zile zilizotokeza zimefunikwa kwa ubao mrefu uliochongwa, upitao mbele ya nyumba toka upande mmoja hata wa pili. Mchongaji ameuzungushia majani yajipindayo kama mmea utambaao, na kati ya majani akatia vichwa na watu wadogo, ambao mpita njia huwaona mmoja mmoja akitembea polepole. Mtu aliyezoea milango ya kuchonga ya Lamu au Mombasa ataelewa mara moja: huko pia mfanyi biashara aliweka fedha zake mlangoni, ili mgeni ajue heshima ya nyumba kabla hajabisha hodi.

Upande mmoja wa nyumba pana lango pana lenye milango miwili mizito. Hapo magari ya farasi yalipita na mizigo kwenda uani nyuma, manyoya yakiingia na nguo zikitoka. Nyumba ilikuwa maskani, tena ilikuwa ghala na ofisi. Ndani yake kuna sebule kubwa yenye dari ya boriti zilizochongwa kwa wingi hata ni vigumu kuona ubao mtupu. Mbao nyingine zimechongwa mfano wa kitambaa cha kitani kilichokunjwa. Mtindo huo ulikuwapo katika nyumba nyingi za Uingereza wakati ule, lakini katika nyumba ya mtu aliyetajirika kwa nguo unapendeza zaidi kuliko mahali pengine popote.

Katika michoro hiyo zimo herufi za kwanza za jina la Thomas Paycocke na za mkewe wa kwanza, Margaret Horrold. Imo pia alama yake ya biashara, mfano wa jani lenye vikonyo viwili. Alama hiyo ilikuwa chapa ya marobota yake, kama vile magunia ya kahawa yanavyopigwa chapa ya mwenyewe kabla ya kupelekwa sokoni. Mnunuzi wa mbali, asiyejua kusoma jina lake, aliitambua. Thomas hakuona haya kuitia katika nyumba yake mahali ambapo bwana mwenye milki angetia nembo ya ukoo.

Zamani ilidhaniwa kuwa John Paycocke, baba yake, ndiye aliyeijenga nyumba hii, akampa mwanawe. Lakini kuna njia ya kujua umri wa mti kwa kuhesabu pete zake, maana mti huongeza pete moja kila mwaka, nene au nyembamba kwa kadiri ya mvua na joto, na mpango wa pete hizo hulinganishwa na ule wa miti mingine ambayo miaka yake imekwisha kujulikana. Kwa njia hiyo imeonekana kuwa miti ya sehemu ya mbele ilikatwa karibu ya mwaka 1509. John alikufa mwaka 1505. Basi mjenzi ni Thomas.

Fedha zake zilitoka katika nguo za sufu, ambazo Coggeshall ilisifiwa kwazo. Nguo nyeupe za mji huo zilikuwa na jina katika biashara. Kufahamu nyumba bila kufahamu kazi hiyo haiwezekani, kwa hiyo yafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Thomas alinunua manyoya ya kondoo. Kwanza yalichaguliwa, mazuri yakatengwa na mabaya, kisha yakaoshwa. Halafu yaligawiwa kwa wanawake wa vijijini, nao waliyachana na kuyachambua hata nyuzi zake zikalala upande mmoja, kisha wakayasokota kuwa uzi. Kazi hiyo waliifanya majumbani mwao, kati ya kupika na kulea. Uzi uliokwisha kusokotwa ulipelekwa kwa mfumaji, ambaye naye alifuma nyumbani kwake. Mfumaji mmoja alikula uzi wa wasokotaji wengi. Ndiyo sababu wanawake walikuwa wengi kuliko wote katika kazi hii. Nguo iliyotoka kwa mfumaji ilikuwa bado mbovu, imelegea na ina mafuta. Ilipelekwa kinuni, mahali penye nyundo kubwa za mti zilizosukumwa kwa maji ya mto, ikapondwa majini hata ikajikaza. Kisha ikatandazwa na kuvutwa ipate kukauka, vinyweleo vyake vikasimamishwa kwa vichwa vya mmea wenye miiba, na fundi mwenye mkasi mkubwa akavikata vyote sawasawa.

Katika njia hiyo yote mali ilikuwa ya mtu mmoja. Manyoya ni yake, uzi ni wake, nguo ni yake. Wengine waliuza mikono yao tu. Thomas hakuwa na kiwanda kikubwa chenye bomba la moshi. Kiwanda chake kilikuwa vile vijiji, na barabara zilizoviunganisha zilikuwa kama njia kati ya mtambo na mtambo. Haishangazi kwamba alipokaribia kufa aliacha fedha za kutengeneza njia mbovu, pamoja na ile iendayo Blackwater. Ilikuwa sadaka, tena ilikuwa biashara.

Mwaka 1518 Thomas aliandika wosia wake, akafa. Mkewe wa pili, Ann Cotton, alikuwa mjamzito. Wosia huo umehifadhiwa, na ndani yake aliwakumbuka watu wa kazi yake, jambo ambalo si matajiri wote walilifanya. Baadhi yao, kama watu wa jamaa ya Goodday, waliandikwa kwa majina yao. Wafumaji, waponda nguo na wakata vinyweleo wasiotajwa kwa majina waliachiwa peni 12 kila mmoja. Na wale waliomfanyia kazi nyingi sana, shilingi 3 na peni 4 kila mmoja. Halafu wakaja wachanaji, wachambuzi na wasokotaji. Hao wote kwa pamoja waliachiwa pauni 4 wagawane.

Hapo pafaa kupiga hesabu. Kwa fedha za Kiingereza zilizotumika mpaka mwaka 1971, pauni ilikuwa shilingi 20 na shilingi ilikuwa peni 12. Kwa hiyo mfumaji wa kawaida alipata shilingi moja kamili, ikahesabiwa mkononi mwake. Pauni 4 ni shilingi 80. Kama wanawake wale walikuwa 80, kila mmoja alipata shilingi sawa na mfumaji. Kama walikuwa 160, alipata nusu yake. Wosia hautaji idadi yao. Wafumaji na mafundi walihesabiwa kichwa kwa kichwa, lakini wanawake wa vijijini walifanywa fungu moja. Haimpasi mtu kumlaumu Thomas kupita kiasi kwa ajili hiyo, maana aliandika kwa desturi ya wakati wake, na angeweza kuwasahau kabisa. Lakini atazamaye dari ile ya sebuleni na akumbuke shilingi 80.

Na si kwamba watu wa kazi hawakuwa na manung'uniko. Katika karne ya 15 ilibidi sheria itungwe kuwakataza matajiri wa nguo wasiwalipe watu wao kwa pini, mishipi na vikorokoro vingine badala ya fedha. Mwaka 1539 wafumaji wa Suffolk na Essex walipeleka malalamiko kwamba matajiri wamepatana wao kwa wao kutoa bei moja tu kwa kazi ya kufuma, na kwamba wengine wameweka vitanda vya mfumi katika nyumba zao wenyewe, hata mfumaji mwenye nyumba ndogo akakosa kazi, naye hana mahali pengine pa kwenda kuuza ufundi wake. Mwaka 1555 ikatoka sheria ya wafumaji: mfanyi biashara ya nguo akaaye nje ya miji asiwe na kitanda cha mfumi zaidi ya kimoja, wala asikodishe vitanda kwa watu. Hiyo haikuwa huruma peke yake. Matajiri wa mijini nao walitaka wenzao wa mashambani wazuiwe.

Nyumba ilikaa katika ukoo wa Paycocke mpaka mwaka 1584, alipokufa John, mtoto wa ndugu yake Thomas. Kitabu cha kanisa la Coggeshall kilimwandika kuwa wa mwisho wa jina lake mjini humo. Baadaye nyumba iliingia mikononi mwa Wabuxton, nao pia wafanyi biashara ya nguo. William Buxton, aliyekufa mwaka 1625, alimrithisha mwanawe Thomas vitanda vyake vya mfumi. Baba akamwachia mwana, na mwana akamwachia mwana, mpaka mwaka 1746 nyumba ilipouzwa kwa watu wengine.

Baada ya hapo habari zake ni za kushuka. Katika karne ya 18 kazi ya nguo ilizidi kuhamia upande wa kaskazini, hasa Yorkshire, na baadaye mitambo ikaja, nayo haikuhitaji wanawake wa vijiji vya Essex. Coggeshall ilikonda. Nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja yenye fahari ikagawanywa, ikawa makao ya jamaa kadhaa za watu wa kawaida. Sura yake ya zamani ikafichwa chini ya lipu. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na shauri la kuibomoa, na kama lingetimizwa pasingekuwa na wa kulia, kwa kuwa wachache tu walijua kilichokuwa chini ya lipu ile.

Mwaka 1904 aliinunua Bwana Noel Buxton, mtu wa ukoo ule ule uliokuwa umeiuza zaidi ya miaka 150 nyuma. Jina hilo la Buxton si geni katika historia ya Afrika. Bwana Noel alikuwa kitukuu cha Thomas Fowell Buxton, aliyepokea kutoka kwa Wilberforce uongozi wa vita ya kupinga utumwa katika Bunge la Uingereza, mpaka sheria ya mwaka 1833 ikaukomesha katika sehemu kubwa ya himaya ya Waingereza. Baba yake Noel, aliyeitwa pia Thomas Fowell Buxton, alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki iliyopewa hati mwaka 1888, na ambayo watumishi wake walikaa Mombasa kabla serikali ya Uingereza haijashika nchi. Hivyo ukoo mmoja ulipinga biashara ya watu, ukaingia katika kampuni ya kutawala nchi za watu, na ukairudisha nyumba ya babu zao. Wanadamu hawafumwi kwa uzi wa rangi moja.

Kazi ya kuitengeneza nyumba ilifanywa na mafundi, na katika kazi ya mti aliyetajwa sana ni Ernest Beckwith, mchongaji wa hapo hapo Coggeshall. Lipu ilibanduliwa, nguzo zikaonekana tena. Palipooza palitiwa mti mpya, na madirisha yale yaliyotokeza yakafanywa upya. Wako wanaosema kwamba kutengeneza namna hii ni kuchanganya kazi ya kale na ya sasa, hata mgeni asijue kipi ni kipi. Neno hilo lina haki yake. Lakini mti uliooza haungoji wenye hoja wamalize, na kwa kuwa Beckwith alitumia mkono na patasi kama wale wa kwanza, kazi yake haikugombana na yao.

Mwaka 1924 Bwana Noel Buxton, ambaye mwaka huo huo alikuwa Waziri wa Kilimo, aliitoa nyumba hiyo kwa National Trust, chama kitunzacho nyumba na ardhi za kale kwa faida ya watu wote. Katika mwaka huo huo tena Bibi Eileen Power, mwalimu wa historia katika London, alitoa kitabu chake juu ya watu wa zamani, na sura moja nzima ikawa ya Thomas Paycocke. Hakuandika kwa kubuni. Aliufuata wosia, akazifuata kumbukumbu za ukoo zilizo kanisani, akaifuata na nyumba yenyewe, na kutoka katika hizo akamjenga mtu.

Kanisa hilo la Coggeshall, kubwa kuliko mji unavyostahili kwa sababu lilijengwa siku za fedha ya sufu, liliangukiwa na bomu la Wajerumani mwezi wa Septemba 1940, na sehemu yake ikabomoka. Lilitengenezwa tena baada ya vita. Nyumba ya Paycocke ilisalia. National Trust ingali inaitunza, na katika majira ya kufunguliwa wageni huingia, hutazama dari ya sebuleni, kisha hutoka nyuma kwenda bustanini, mahali ambapo zamani magari yalishusha manyoya.